Korja Pungufu

Ufunguo tulikabidhiwa na Shafiqul,
kijana wa Khulna mwenye ndara za mpira,
akatuonyesha swichi moja moja
kama anayetambulisha jamaa:
hii taa, hii feni, hii usiguse.
Bi Zuwena mwenye nyumba yuko Maskati,
hutuma sauti tu kwenye simu:
"Karibuni Sur. Ukuta una miaka mia na ishirini,
tafadhali msipigilie msumari."

Mawe ya matumbawe, chokaa mpya,
choo cha kukaa, jokofu dogo linalonung'unika,
halwa ndani ya bakuli la plastiki.
Riali thelathini na nane kwa usiku.
Dirishani, ng'ambo ya hori, Ayja nyeupe,
na mbuzi wawili kivulini mwa gari.

Mwinshehe alilala papo hapo, miguu nje ya shuka.
Mimi nikalala chali,
na nilipotazama juu
nikamwona babu.

Si uso. Kazi yake.
Boriti zimepangwa darini, nyeusi kwa umri,
zenye vifundo, hakuna iliyonyooka kabisa.
Mchu upo hapa, horini, mfupi,
wa kutafunwa na ngamia;
huu sio. Huu ni mkoko,
huu umevutwa kutoka topeni,
na tope lake nalijua kwa harufu.

Mtulia wa Salale hakuwa mtu wa hekima.
Alikuwa mtu wa shoka.
Alitukana mbu, alitukana maji kujaa,
alimtukana karani aliyehesabu magogo
kwa kidole kilicholowa mate.
Korja ni ishirini, alikuwa akifoka,
si kumi na tisa na samahani!
Tope kiunoni, chaza wamemchana nyayo,
kisha mzigo unakwenda Arabuni,
na Arabuni kwake lilikuwa neno tu
la mahali miti inakokwenda isirudi.

Nikahesabu.
Kumi na nane.
Nikaanza upya kutokea mlangoni,
kwa kunong'ona, nisimwamshe mtu.
Kumi na nane.

Usinitake niseme kuwa ni zake.
Babu alikufa nikiwa darasa la nne,
nyumba hii ilikuwa tayari kikongwe.
Hesabu inakataa. Labda baba yake,
labda mtu wa Lamu nisiyemjua hata jina.
Lile kovu la shoka pale ukutani, la mshazari,
ni kama lake kabisa. Lakini
kila mkata boriti hukata hivyo,
nadhani.

Asubuhi nikapanda juu ya kiti,
nikabisha kwa kifundo cha kidole, moja moja,
kama nilivyoona gatini Nyamisati:
nzima hujibu ko,
iliyoliwa hujibu bu,
kama mtu anayejifanya amelala.
Shafiqul akaingia na sinia ya chai,
akanikuta juu ya kiti cha urithi cha watu.
Hakuuliza. Akatua sinia, akashika kiti.
Ya kumi na moja ikasema bu,
na unga mwembamba ukanidondokea nyusini.
"Kwetu pia," akasema, kwa Kiarabu cha kuokoteza.
"Tope, mti. Na chui milia."

Siku tatu. Tulikula jodari, tukababuka pua,
Mwinshehe akapoteza kofia darajani.

Kuna daftari la wageni karibu na mlango.
Mjerumani mmoja amesifu utulivu.
Familia ya Nizwa imeshukuru maji ya moto.
Mimi nimeandika kwa Kiswahili. Bi Zuwena atasoma,
sauti yake ina Unguja ndani yake:

Boriti ya kumi na moja kutoka mlangoni
imebunguliwa. Msitundike taa hapo.
Nyingine ni nzima, zitatuzika sote.
Halwa nzuri.

Begi begani, nikarudi nikaongeza:

Zimo kumi na nane. Korja ni ishirini.
Hizo mbili, sijui nani anamdai nani.